Udhaifu wa Nani?

Tarehe 19 Juni 2012, katika mjadala wa bajeti mjini Dodoma, Mbunge wa Ubungo, John Mnyika, alitaja nomino tatu na kila moja akaipa mwenyewe. Udhaifu aliupeleka kwa Rais, uzembe kwa Bunge, upuuzi kwa chama tawala. Aliyekalia kiti siku hiyo alikuwa Naibu Spika, Job Ndugai. Mnyika akatakiwa afute kauli. Hakufuta. Akaamriwa kutoka nje ya ukumbi, akatoka.

Nimekuwa nikizirudia nomino hizo tatu kwa miaka sasa, kwa sababu kuna jambo haliingii akilini. Mtu amewaambia mamia ya wabunge waliomzunguka kwamba ni wazembe. Amekiambia chama chenye viti vingi kuliko vyote kwamba kinafanya upuuzi. Lakini neno lililomponza ni lile la kwanza, ambalo kwa mizani ya Kiswahili cha kawaida ndilo jepesi kuliko yote. Mzembe analaumiwa, mpuuzi anadharauliwa. Dhaifu, sanasana, anahurumiwa.

Neno lenyewe limetoka Kiarabu na limeishi kwetu kwa heshima zake zote. Aliyesoma madrasa analijua tangu utotoni: hadithi ambayo mlolongo wa wapokezi wake una kasoro huitwa hadithi dhaifu, na anayetamka hivyo hamtukani mtu, anapima ushahidi. Washairi wa pwani walijiita waja dhaifu kabla hata ya kuingia kwenye kisa. Hospitalini ndugu wa mgonjwa huambiwa kwamba hali yake ni dhaifu, na hakuna anayedai daktari afute kauli. Wakaguzi wa hesabu nao wana msemo wao wa kila siku, udhaifu katika mfumo wa udhibiti wa ndani. Huu wa wakaguzi tuuweke kiporo, maana miaka saba baada ya Mnyika ulikuja kuzua kubwa zaidi.

Kwa hiyo tatizo halikuwa neno. Ili kuona tatizo lilikuwa nini inabidi turudi nyuma, hadi Dar es Salaam ya mwaka 1926, pale Gavana Donald Cameron alipofungua Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Gavana mwenyewe ndiye aliyekuwa akiongoza vikao. Lugha ilikuwa Kiingereza. Waafrika wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, waliingia mwaka 1945, karibu miaka ishirini baadaye, na wakakuta nyumba imekwisha kupangwa: unasimama kuzungumza, unaelekeza maneno yako kwa kiti na si kwa mwenzako, humtaji mwenzako kwa jina tupu, humwiti mwongo. Taratibu hizo zilitoka Westminster, ambako karani wa Bunge aitwaye Erskine May alikuwa amezikusanya kwenye kitabu kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1844, na ambacho hadi leo mabunge mengi yaliyokuwa chini ya Uingereza hukifungua yanapokwama.

Si taratibu za kipuuzi. Ukimsema mtu aliye mbele yako kwa kupitia mtu wa tatu, hasira hupoteza njia. Ndiyo maana hata mgomvi akisimama bungeni huanza na "Mheshimiwa Spika", kisha "Mheshimiwa aliyemaliza kuzungumza sasa hivi", na kabla hajafika kwenye tusi lenyewe pumzi imemwishia. Wazee wetu wa barazani walijua hilo bila kusoma Erskine May. Shauri zito halisemwi uso kwa uso. Linapitishwa kwa mshenga, kwa mjomba, kwa mzee wa mtaa.

Lakini wazee walijua na jambo jingine, ambalo halikupata kiti ndani ya ukumbi wa Karimjee. Walijua utani. Nchi hii ina makabila ambayo kwa vizazi yamepeana ruhusa ya kuambiana maneno ambayo kwa mtu mwingine yangeleta ngumi, na ruhusa hiyo haimalizikii kwenye kicheko. Mtani huja msibani, huketi kwenye ukingo wa kaburi na kukataa maiti isizikwe mpaka alipwe, na katikati ya vurugu hizo hutaja uchoyo wa marehemu mbele ya wanawe. Wafiwa humlipa, na kwa kuwa yaliyosemwa ni utani, hakuna wa kukasirika. Huwa najiuliza bunge lililojengwa juu ya desturi hiyo lingesikika vipi. Hatukulijenga. Tulipokea lile lililokuwapo na kulijaza Kiswahili.

Tarehe za kupokea ni za kukumbuka. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, lakini kwa mwaka mzima mkuu wa nchi aliendelea kuwa Malkia Elizabeth, akiwakilishwa na Gavana Mkuu, Richard Turnbull. Waziri Mkuu, kwanza Julius Nyerere na baadaye Rashidi Kawawa, alikaa bungeni pamoja na wenzake, akihojiwa kama wao. Tarehe 9 Desemba 1962 ikaja Jamhuri. Nafasi ya Malkia ikafutwa, na mamlaka ya kuongoza Serikali yakahamia kwa mtu mmoja aliyekuwa pia mkuu wa nchi. Kesho yake, tarehe 10, Rais Nyerere alilihutubia Bunge kwa Kiswahili.

Tunaikumbuka siku hiyo kwa ajili ya lugha, na ni haki yake. Nadhani tumeisahau kwa ajili ya kile kingine. Westminster ina kanuni ya zamani kwamba jina la mfalme au malkia lisitajwe kwa dharau, wala lisitumiwe kuushawishi mjadala. Ina mantiki yake kule: malkia haamui bei ya mkate, hasaini mikataba ya madini, kwa hiyo kumsema ni kumwonea. Anayeamua mambo hayo ni waziri mkuu, naye yumo ukumbini na anapigwa maneno kila wiki. Mwanzoni mwa 1997 Tony Blair alimtazama Waziri Mkuu John Major akamwambia kwamba ni dhaifu, mara tatu mfululizo, neno hilohilo la Mnyika. Spika hakumtoa. Miezi michache baadaye wapiga kura wakamtoa Major.

Kanuni za Kudumu za Bunge letu zimekuwa na katazo la kulitumia jina la Rais kwa dhihaka, au kulitaja ili kulishawishi Bunge liamue jambo kwa namna fulani. Ni kanuni ya Malkia, imevaa kanzu. Ila sasa inamkinga mtu ambaye ndiye anayeteua mawaziri, ndiye ambaye kwa niaba yake bajeti inaletwa, na ambaye hakai bungeni ajibu. Ukisema uchumi umeanguka, umechangia mjadala. Ukisema nani kauangusha, umekosa adabu. Kinga iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu asiye na madaraka ilikabidhiwa mtu mwenye madaraka yote, na kwa kuwa maneno ya kanuni hayakubadilika sana, hatukuona kwamba maana yake imegeuka kichwa chini miguu juu.

Wakati wa chama kimoja jambo hili halikuhitaji hata Spika. Oktoba 1968 TANU iliwafukuza uanachama wabunge kadhaa, akiwamo Joseph Kasella Bantu, na kwa kuwa bila kadi hapakuwa na ubunge, viti vikaenda na kadi. Hapakuwa na haja ya kufuta kauli. Alifutwa msemaji.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, adabu ikarudi kuwa kazi ya kiti. Kesi iliyowafungua macho watu wa rika langu ni ya Agosti 2007. Zitto Kabwe, Mbunge wa Kigoma Kaskazini, alileta hoja binafsi akitaka kamati teule ichunguze mkataba wa mgodi wa Buzwagi, ambao Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi, alikuwa ameusaini London. Ndani ya hoja hiyo kulikuwa na madai kwamba Waziri hakuliambia Bunge ukweli. Hoja ikakataliwa. Kisha jambo likageuzwa: ikadaiwa kwamba anayesema Waziri kasema uongo ndiye aliyesema uongo, na tarehe 14 Agosti Bunge likamsimamisha Zitto hadi Januari mwaka uliofuata.

Kanuni zetu zinakataza kusema uongo bungeni, na anayedai mwenzake amesema uongo anabebeshwa mzigo wa kuthibitisha. Kwa kusoma tu ni kanuni nzuri. Katika utendaji, mkataba uko kwa Waziri na mzigo wa kuthibitisha uko kwa mbunge ambaye hajapewa mkataba. Aliomba kamati ili uthibitisho upatikane, akaadhibiwa kwa kutokuwa nao.

Maneno yaliyofukuzwa Dodoma hayakwenda mbali. Zitto alipokelewa Dar es Salaam na umati. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 15 Septemba, Dk. Willibrod Slaa alisimama uwanja wa Mwembe Yanga, Temeke, akasoma orodha ya watu aliowaita mafisadi. Neno hilo nalo lina kisa. Kamusi za zamani zinampa fisadi maana ya mzinzi, mharibifu, mtu wa kuwaharibia watu wake zao. Baada ya Mwembe Yanga likawa neno la hazina na mikataba, na wazinzi wakabaki bila jina lao. Sijui neno jingine la Kiswahili lililohamishwa kazi kwa kasi ile. Rais Jakaya Kikwete akaunda kamati ya Jaji Mark Bomani kupitia mambo ya madini, na Zitto akawa mmoja wa wajumbe wake. Februari 2008 Karamagi akajiuzulu pamoja na Waziri Mkuu Edward Lowassa, kwa sababu ya kashfa nyingine kabisa, ya Richmond. Adhabu ya Zitto ilikuwa imekwisha wiki chache kabla.

Nadhani ni katika miaka hiyo ndipo Kiswahili cha ukumbini kilipoanza kujifunza kutembea kwa kunyata. Tafsida si ugonjwa. Ni sehemu ya uzuri wa lugha hii, ambayo haisemi mtu amekufa kama inaweza kusema amefariki au ametutoka. Lakini ipo tafsida ya msiba na ipo tafsida ya kuficha mwizi. Matatizo yote ya nchi yameitwa changamoto, hata yale ambayo hayamchangamshi mtu. Vitenzi vimepoteza watendaji: imebainika, ilionekana, fedha zilitumika, utaratibu haukuzingatiwa. Kiswahili kina kauli ya kutendwa iliyo laini kiasi kwamba unaweza kusimulia wizi mzima, mwanzo hadi mwisho, bila mwizi kuingia kwenye sentensi. Waziri anayesoma hotuba namna hiyo anapigiwa makofi ya meza. Kosa la Mnyika, ukilitazama kisarufi, lilikuwa kiunganishi: udhaifu wa.

Hapa inabidi niwe mwadilifu kidogo, maana ni rahisi kuandika kana kwamba kila aliyetolewa nje alikuwa shujaa na kila ukali ni ukweli. Si hivyo. Mei 2016 mbunge mmoja wa chama tawala alisema, akichangia, kwamba wanawake wa viti maalumu wa chama kimoja cha upinzani walivipata kwa kuwa wapenzi wa wakubwa. Wabunge wanawake wa upinzani walitoka nje ya ukumbi kwa hasira. Lile lilikuwa tusi hasa, la aina ambayo kanuni za staha zilitungwa kulizuia, lililomlenga mtu kwa mwili wake na si kwa kazi yake. Ningependa kuona kiti kikilirukia neno lile kwa wepesi ule ule kilioutumia kwa dhaifu. Na mwaka huohuo, mwezi Januari, Serikali ilikuwa imetangaza kwamba TBC haitarusha tena mijadala yote ya Bunge moja kwa moja. Kwa hiyo wakati wanawake wale wanatoka, nchi haikuwa ikitazama kama zamani. Ukiondoa kamera, anayenufaika si mpole. Ni yule mwenye kiti upande wake.

Sasa tuurudie msemo wa wakaguzi. Mwishoni mwa 2018 Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Profesa Mussa Assad, alikuwa New York kwa kazi za ukaguzi wa Umoja wa Mataifa, akahojiwa na idhaa ya Kiswahili ya redio ya umoja huo. Aliulizwa kuhusu ripoti zake ambazo hazifanyiwi kazi. Akajibu kwamba kama mkaguzi anaonyesha ubadhirifu na hatua hazichukuliwi, basi kwake yeye huo ni udhaifu wa Bunge.

Job Ndugai, aliyemtoa Mnyika kwa neno lile, alikuwa sasa ndiye Spika. Januari 2019 alimwita Assad afike mbele ya Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge tarehe 21, la sivyo angeletwa kwa pingu. Assad akasema atakwenda. Akaeleza pia, kwa utulivu wa mhasibu, kwamba udhaifu na upungufu ni maneno ya kawaida katika taaluma yake. Alikuwa anasema kweli. Fungua ripoti yoyote ya ukaguzi na utaukuta udhaifu ukurasa baada ya ukurasa: wa wizara, wa halmashauri, wa mashirika. Wabunge walikuwa wamezisoma ripoti hizo kwa miaka, wakazinukuu, wakazitumia kuwabana mawaziri. Hakuna aliyelalamikia msamiati.

Tarehe 2 Aprili 2019 Bunge liliazimia kutofanya kazi na Profesa Assad. Siku hiyohiyo Mbunge wa Kawe, Halima Mdee, aliyekuwa ameunga mkono kwamba Bunge ni dhaifu, akasimamishwa kuhudhuria mikutano miwili. Nilipousikia uamuzi ule nilikumbuka msemo wa bibi zetu kwamba mkubwa ni jalala. Anayekubali kuitwa mkubwa amekubali kutupiwa taka, na kazi yake ni kuzibeba. Katika adabu ya Kiswahili heshima ina pande mbili: mdogo anachunga ulimi, mkubwa anameza. Bunge letu lilikuwa limeuchukua upande wa kwanza tu.

Kuna tofauti nyingine kati ya 2012 na 2019 ambayo haikuzungumzwa vya kutosha. Mnyika alikuwa mbunge, ndani ya ukumbi, akiwa na ulinzi wa Ibara ya 100 ya Katiba inayosema kwamba yanayosemwa bungeni hayahojiwi mahakamani. Assad hakuwa mbunge wala hakuwa ukumbini. Alikuwa upande wa pili wa bahari ya Atlantiki, akijibu swali la mwandishi. Adabu ya mjadala ilikuwa imetoka nje ya mjadala na kuanza kuwafuata watu wanakokwenda. Novemba 2019, kipindi chake cha miaka mitano kilipohesabiwa kuwa kimekwisha, Rais John Magufuli aliteua mkaguzi mwingine.

Mwisho wa Desemba 2021, akiwa Dodoma kwenye hafla iliyokuwa nje ya Bunge, Spika Ndugai alizungumzia deni la taifa. Alihoji mwendo wa kukopa, akasema ipo siku nchi itapigwa mnada. Sikubaliani na mengi ya mtu huyu, kama msomaji amekwisha kuona, lakini sentensi ile ilikuwa kazi halisi ya Spika. Mikopo ni fedha za umma na Bunge lipo kwa ajili ya fedha za umma. Hata lugha yake ilikuwa ya mtaani na ya kueleweka. Kila Mtanzania anajua mnada, na wa Dodoma zaidi.

Tarehe 3 Januari 2022 aliwaita waandishi wa habari akaomba radhi. Kesho yake Rais Samia Suluhu Hassan alieleza Ikulu mshangao wake kwamba kauli kama ile imetoka kwa kiongozi wa mhimili. Tarehe 6 Ndugai akajiuzulu, Spika wa kwanza wa nchi hii kufanya hivyo. Barua yake aliielekeza kwa Katibu Mkuu wa chama chake. Miaka hamsini na kitu baada ya wabunge wa 1968, njia ya kutokea ilikuwa bado inapitia mlango uleule.

Wapo waliocheka siku ile, na mitandao ilijaa vijembe. Mimi nilitafuta video ya siku alipoomba radhi nikaitazama mara mbili. Mtu aliyetumia karibu miaka kumi akiwaambia wengine wafute kauli alikuwa anaifuta ya kwake, na ilikuwa imeshasikika nchi nzima. Alifariki Agosti 2025, na katika salamu nyingi za rambirambi alisifiwa kwa lugha ya staha.

Desemba 2022 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kuondolewa kwa Profesa Assad kulikiuka Katiba. Mwishoni mwa Machi mwaka uliofuata, mkaguzi aliyempokea, Charles Kichere, alikabidhi ripoti zake Ikulu kama sheria inavyotaka, na wiki chache baadaye zikafika mezani Dodoma. Udhaifu umo, kama miaka yote: wa mifumo, wa usimamizi, wa utunzaji wa kumbukumbu.